Mtoto Asiyetulia na Kidonge Chake

Swali hili niliulizwa nje ya kanisa, Jumapili moja wakati wa mnada. Huku kwetu Nyololo ibada ikiisha tunatoka, tunasimama kwa duara kwenye ubaridi, na sadaka za mazao zinauzwa moja moja: debe la mahindi, viazi, parachichi, trei ya mayai. Siku hiyo palikuwa na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kabla zamu yake haijafika, mtoto mmoja wa kiume, mwenye miaka tisa, alimfungua. Kuku akakimbia, mtoto akamfuata, na wote wawili wakaelekea barabara ya lami yanakopita malori ya mbao. Vijana wawili wa kwaya walimdaka mtoto ukingoni kabisa. Kuku alipatikana baadaye.

Watu walicheka. Wengine walisonya. Nilimsikia mama mmoja mtu mzima akisema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba mtoto yule amekosa fimbo. Mama wa mtoto alikuwa amesimama pale pale.

Alinifuata watu walipokuwa wakitawanyika. "Kamwene, Mwalimu," akanisalimu, nami nikaitikia. Akanieleza kwamba ameshampeleka mtoto hospitali mara tatu, kwa sababu shule ilimwambia amtafutie mahali pengine. Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu, akampa karatasi ya maswali ajaze yeye, na nyingine ya mwalimu wa darasa. Mwisho akamwambia mtoto ana tatizo la umakini na utulivu, kwamba ni ugonjwa unaojulikana, na kwamba njia nyingine zisipotosha ipo dawa, ingawa itabidi itafutwe Dar es Salaam. Bibi wa mtoto amekataa. Mhubiri mmoja mjini amesema ni roho ya fujo. Yeye mwenyewe alikuwa na swali moja tu, akaliuliza akiangalia chini: "Mwalimu, nikimpa dawa ya kumbadilisha, si nitakuwa namwambia Mungu kwamba alikosea alipomwumba?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaongea. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyafikiri tangu siku ile, na mengine ni ya kuniumbua mimi mwenyewe, maana nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi na watoto wa namna ile walipita mikononi mwangu. Nasema mikononi kwa maana yake kamili.

Nianze na ugonjwa, kwa sababu wengi wetu tunadhani ni jambo la Wazungu lililokuja na simu. Mtoto mwenye tatizo hili si mjinga, wala si kiziwi. Kinachomshinda ni kuyashika mawazo yake mahali pamoja, na kujizuia. Anaanza hesabu, anasikia lori, anainuka. Anajua kwamba hapaswi kuinuka, lakini anakuja kukumbuka akiwa tayari yuko dirishani. Watoto wote hufanya hivyo kidogo, na ndiyo maana ugonjwa huu ni mgumu kuutambua: hakuna kipimo cha damu wala picha inayouonyesha. Daktari hutazama kama hali ilianza mapema, kama imedumu, kama ipo nyumbani na shuleni pia, na kama inamharibia mtoto maisha.

Mwaka 1902 daktari wa watoto wa London, George Still, alitoa mihadhara mbele ya madaktari wenzake kuhusu watoto wa jinsi hii. Aliona kwamba akili zao ni nzima, na kwamba wengine wamelelewa vizuri kabisa, lakini hawawezi kujizuia. Jina alilolitumia lilikuwa zito. Aliuita upungufu wa kujitawala kimaadili. Kumbe swali letu ni la zamani. Daktari yule alikuwa amesimama pale pale tuliposimama sisi kwenye mnada: mtoto anakosea, mwili wake unaonekana mzima, je, tuseme ni mbaya au ni mgonjwa?

Dawa ilipatikana kwa bahati. Charles Bradley, daktari katika kituo cha watoto wenye matatizo ya tabia na akili huko Rhode Island, Marekani, alikuwa na watoto waliopata maumivu makali ya kichwa baada ya kipimo cha ubongo. Akawapa amfetamini akitumaini maumivu yatapungua. Vichwa viliendelea kuuma, lakini walimu wakaja kumwambia kwamba baadhi ya watoto wamekuwa wanafunzi wengine. Mwaka 1937 alichapisha taarifa ya watoto 30, na karibu nusu yao walikuwa wamebadilika sana darasani. Watoto wenyewe waliviita vidonge vya hesabu. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon, wa Basel huko Uswisi, alitengeneza dawa nyingine ya ukoo huo, methilifenideti, ambayo ilikuja kuuzwa kwa jina la Ritalin, kutokana na jina la mkewe, Rita. Hiyo ndiyo inayojulikana zaidi hadi leo.

Jambo moja linawashangaza watu kila ninapolieleza. Dawa hii si ya kumlaza mtoto. Ni ya kuchangamsha. Inaongeza nguvu ya kemikali iitwayo dopamini katika sehemu za ubongo zinazofanya kazi ya kuzuia na kuchagua. Madereva wanaoshuka Kitonga watanielewa: breki za lori ni za upepo, na upepo ukipungua kwenye mfumo, dereva hata akanyage kwa miguu miwili breki hazishiki inavyopaswa. Kumchapa dereva hakuongezi upepo.

Je, inafanya kazi? Kwa muda, ndiyo. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa watoto 579, na matokeo yake kutolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba baada ya miezi kumi na minne watoto waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walitulia kuliko waliofundishwa tabia tu. Lakini watafiti walipowarudia baada ya miaka mitatu, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayopanga orodha ya dawa muhimu iliombwa kuiingiza methilifenideti mwaka 2019, na tena mwaka 2021, na mara zote mbili ilikataa kwa sababu ya udhaifu wa ushahidi. Nayo dawa ina madhara yake: inakata hamu ya kula, inafukuza usingizi, inaweza kupunguza kidogo kukua kwa mtoto, na ikiangukia mikononi mwa mtu mzima asiye mgonjwa inaweza kugeuka kilevi. Bibi wa mtoto yule, niliyekuwa nimemhesabu kuwa mtu wa kupinga tu, alinikamata hapo hapo. Aliuliza: mtoto ambaye chakula chake cha kushiba ni ugali wa jioni, mkimkata hamu ya kula, mmemtibu nini? Sikumcheka. Ni swali ambalo daktari anapaswa kuulizwa.

Sasa niseme habari ya fimbo.

Tunapenda kutaja maneno ya Mithali juu ya fimbo na mtoto, na serikali nayo, kwa kanuni za mwaka 1979, iliruhusu viboko shuleni kwa masharti: idadi ina mwisho, kibali ni cha mwalimu mkuu, na adhabu inaandikwa kitabuni. Mimi nilivuka masharti yale mara nyingi na kitabu hakikuona wino wangu. Nilikuwa na mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Alikuwa mwema. Wakati wa mapumziko alikuja kunifutia baiskeli bila kutumwa, akitafuta nimpende. Dakika kumi baada ya kengele alikuwa amesimama juu ya dawati. Nilimchapa Jumatatu, nikamchapa Jumanne. Siku moja nikamwuliza kwa hasira kwa nini hakai, akanijibu, "Mwalimu, miguu inakataa." Nikamwongezea kimoja kwa jeuri.

Haikuwa jeuri. Alikuwa ameniambia ukweli wa kitabibu, nami nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani. Aliacha shule akiwa darasa la tano. Nilikuja kumwona miaka baadaye, utingo kwenye lori la nguzo, akanipungia mkono kwa furaha kama vile hakuna kilichotokea. Nilishindwa hata kuinua wangu.

Kwa hiyo tunaposema kwamba kumpa mtoto dawa ni kukosa imani, tukumbuke kwamba hatumwachi mtoto huyo bila dawa. Tunampa nyingine. Ile yetu haikupimwa na mtu, haina dozi, na tulijua haiponyi, maana tuliirudia kila siku kwa mtoto yule yule. Pamoja nayo tunampa jina: mtukutu, mshetani, wa Mirembe. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu miaka ya 1920, inahudumia wagonjwa wa nchi nzima, na sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la kuwatupia watoto. Mara nyingine nadhani hilo tusi ndilo linalowazuia wazazi wengi kwenda hospitali, kuliko imani yoyote.

Na upande wa roho ya fujo? Hapa naomba niende taratibu, kwa sababu siandiki ili kuwadhihaki wanaoombea wagonjwa. Mimi mwenyewe naomba. Lakini Maandiko yana onyo kwa watu wa dini wanaotambua haraka mno. Eli alikuwa kuhani, amekaa kwenye kiti chake hekaluni, akamwona Hana midomo inacheza bila sauti, akamhukumu kuwa amelewa. Mtu wa Mungu, mahali pa Mungu, alitazama uchungu wa mama akaona ulevi. Hana alipomweleza, Eli alikubali kurekebishwa, na hilo ndilo linalompa heshima.

Kisha kuna yule kijana anayeanguka motoni na majini. Someni habari yake katika Marko sura ya 9, halafu msome Mathayo sura ya 17. Marko anasema habari za pepo bubu. Katika Mathayo, kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, baba anasema mwanawe ana kifafa. Ni kijana yule yule, ni siku ile ile. Waandishi wa Injili hawakuona shida kuliweka neno la ugonjwa na neno la roho juu ya mtoto mmoja. Sisi ndio tunaolazimisha watu wachague. Kuna jambo jingine pale, dogo, ambalo nilipita nalo miaka mingi bila kuliona. Kabla ya kumponya, Yesu anamwuliza baba hali hiyo imeanza lini. Baba anajibu tangu utoto. Aliyejua yote aliuliza swali ambalo daktari yeyote huliuliza. Wanafunzi walikuwa wakibishana na waandishi mbele ya umati. Yeye alimgeukia mzazi, akamsikiliza.

Kifafa kina historia hapa hapa nchini inayofaa kutufundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Aall, aliyejulikana baadaye kama Jilek-Aall, alifika Mahenge, katika milima ya Ulanga. Aliwakuta wagonjwa wa kifafa wengi mno, wengi wao watoto na vijana, wakiishi kando na jamaa zao, wakila katika vyombo vya peke yao, wengine na makovu makubwa ya moto. Sisi wa nyanda za baridi, ambao moto wa jikoni hauzimi, tunajua makovu hayo yanapatikanaje. Mtoto alianguka motoni na hakuna aliyemvuta, kwa sababu watu waliamini kwamba kumgusa aliyeanguka, au povu lake, ni kuambukizwa. Daktari yule alianzisha kliniki na kuwapa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo. Degedege zikapungua, kwa wengine zikakoma. Watu wakaona kwa macho kwamba mtoto anaweza kula na wenzake tena.

Leo katika usharika wetu hakuna anayemwambia mama wa mtoto mwenye kifafa kwamba kidonge ni tusi kwa Mungu. Au niseme ukweli: wapo wachache. Nimewahi kusimama kwenye kaburi la mtoto ambaye vidonge vyake vilitupwa baada ya mkesha wa maombi, kwa ushuhuda kwamba amepona. Fenobabitoni ikikatwa ghafla degedege hurudi mfululizo, moja juu ya nyingine. Alikaa siku tatu. Hakuna aliyefanya vile kwa ubaya. Na hakuna aliyekuja kutoa ushuhuda wa pili.

Lakini, wapendwa, msidhani nimekwisha kuwa wakala wa wauza dawa. Kifafa kinaonekana. Mtoto kuanguka motoni si jambo la maoni. Mtoto kutotulia ni jambo linalotegemea pia nani anataka atulie, na kwa sababu gani. Hapa ndipo ninapoona hatari ambayo wahubiri wetu hawaitaji, kwa kuwa wako kwenye vita na kidonge chenyewe.

Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao milioni 7, zaidi ya mmoja kati ya kumi, wamewahi kuambiwa wana tatizo hili, na karibu nusu ya walio nalo wanatumia dawa. Wengi wao bila shaka wanaihitaji. Lakini mtu anaweza kuuliza kama wote ni wagonjwa, au kama shule na nyumba zao zimekuwa mahali ambapo mtoto wa kawaida hawezi kukaa. Sisi hatuna dawa hiyo katika zahanati zetu, kwa hiyo bado hatujajaribiwa. Siku ikija kwa wingi na kwa bei ya chini, tutajaribiwa vibaya. Fikirini darasa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamejaa, jambo la kumshukuru Mungu, lakini nimeona madarasa ya watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja, wanne kwenye dawati la watatu. Mwalimu aliyechoka akiambiwa kipo kidonge cha kuwatuliza kumi, hatauliza maswali mengi. Mimi nisingeuliza.

Na tuangalie ni watoto gani wasiotulia katika vijiji vyetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, mikoa inayoongoza nchini. Sisi tuko katikati ya mikoa hiyo. Kila mtaa wa usharika una watoto waliozika baba, wakazika mama, na sasa wanalelewa na bibi. Mtoto mwenye msiba halii kama mtu mzima. Mara nyingi anavunja vitu, anakimbia, hasikii. Wapo waliougua malaria ya ubongo wakiwa wadogo: huko Kampala watoto waliofuatiliwa miaka miwili baada ya ugonjwa huo, karibu mmoja kati ya wanne alikutwa bado na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Wapo wanaokuja shuleni na njaa, wenye minyoo, wasiosikia vizuri kwa sikio linalotoa usaha. Hata fenobabitoni ile ninayoisifu inajulikana kuwafanya baadhi ya watoto wasitulie. Kumpa mtoto wa namna hii dawa ya umakini bila kumwuliza alikula nini jana, au amemzika nani, ni kosa lile lile la fimbo, ila mkono unaolitenda haumi.

Kwa hiyo swali ninalodhani tunapaswa kujiuliza mbele ya kidonge ni hili: kinanyweshwa kwa ajili ya nani? Utulivu ule ni haja ya mtoto, au ni haja yetu?

Hapo ndipo nilipomrudia yule mama, maana swali lake kuhusu uumbaji halikuniacha. Nilikwenda nyumbani kwake siku ya katikati ya juma. Mtoto alikuwepo, yaani alikuwa akipita. Mama alinionyesha kitu chini ya kitanda: magari ya mbao. Yalikuwa zaidi ya ishirini, yamechongwa kwa kisu na msasa, mengine kwa ustadi wa kushangaza, mfano wa malori yanayopita pale barabarani. Hakuna hata moja lililokuwa na magurudumu yote. Moja lilikuwa na bodi na kichwa bila chesisi. Jingine lilikuwa na magurudumu matatu. Mama alisema huanza kila siku jipya.

Nilimwita mtoto, nikafanya kile nilichoshindwa kufanya miaka ile darasani. Nilimwuliza, nikangoja. Nilimwuliza kwa nini hili lina magurudumu matatu. Aliligeuza mkononi, akaangalia nje, akarudi. Akasema alikuwa anataka kulimaliza, ila "linakatika kichwani." Nikamwuliza kama angependa limalizike. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anataka kula.

Wanafalsafa wamebishana muda mrefu kuhusu nani hasa ndiye mtu mwenyewe: yule alivyo, au yule anayetamani kuwa. Mtume Paulo naye, katika Warumi sura ya 7, analia juu ya kutotenda analolitaka, ingawa yeye anasema habari za dhambi na sitaki kumfananisha mtoto wa miaka tisa na mwenye dhambi kwa sababu ya gurudumu. Lakini nikimtazama mtoto yule, sioni kwamba Mungu aliumba kule kukatika. Mungu aliumba mikono ile inayochonga, na jicho lile linaloona lori na kukumbuka kila boliti yake, na kule kutaka limalizike. Katekisimo yetu inatufundisha kumshukuru Mungu kwa macho na masikio, kwa akili na fahamu, na pia kwa kuwa bado anavitunza. Babu yangu aliyevaa miwani uzeeni hakumwambia Mungu kwamba alikosea macho. Isaya alikuwa amekwisha kumletea Hezekia neno la Bwana kwamba atapona, na bado akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ndugu zetu Wakatoliki wana kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura ya 38 inawataka wamheshimu tabibu na kuipokea dawa kama kitu kilichotoka kwa Mungu mwenyewe. Ni sura ambayo sisi Walutheri tungefaidika kuisoma hata kama hatuihesabu katika Maandiko.

Dawa ikimsaidia mtoto huyu kufanya lile ambalo yeye mwenyewe analitaka na analishindwa, sioni kwamba inambadilisha. Haitamfanya mwema. Atakuwa na uwezo ule ule wa kusema uongo na kuiba sukari, kama sisi sote, kidonge hakitubishi. Kitampa labda nusu dakika kati ya kuku na barabara, na ndani ya nusu dakika hiyo atachagua, na tutaweza kumfundisha, na akikosea tutakuwa na haki ya kumwambia amekosea. Ikiwa badala yake itamfanya akae kimya na macho yake yamezimika, na magari yakakoma kabisa kuchongwa, basi iachwe, kwa utaratibu wa daktari, hata kama darasa zima na usharika mzima tunafurahia ukimya wake. Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia kipimo kiko chini ya kitanda.

Nilimwambia pia yaliyo ya kutangulia, maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wazazi wafundishwe kwanza namna ya kumlea mtoto wa aina hii, dawa isitolewe kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, na hata aliyezidi umri huo aanzishiwe na mtaalamu. Akae mbele darasani, mbali na dirisha. Apewe kazi fupi fupi, moja kwa wakati. Asifiwe akikaa, badala ya kuadhibiwa tu akiinuka. Mengine ni yetu sisi wengine. Mwalimu wa Shule ya Jumapili amekubali mtoto awe ndiye anayegawa vitabu vya nyimbo na kuvikusanya, ili awe na sababu ya kutembea. Imewaudhi wachache, kwa kuwa huvigawa kwa mbio.

Wazee wa kanisa tulikaa tukakubaliana kuchangia nauli ya Dar es Salaam, kwenda na kurudi, kwa watu watatu. Tulikuwa tumepanga wawili. Bibi alisema kama mjukuu wake atapewa kitu cha kukata hamu ya kula, yeye atakuwepo pale kitakapoandikwa, amwulize daktari mwenyewe, na amwonyeshe lile gari la magurudumu matatu. Wanaondoka Jumatatu alfajiri, basi litakapopita kutoka Mbeya.